Maini Niliyowanyima Fereti wa Miss Darlene

Wiki iliyopita mume wangu alitoa pakiti ya maini kwenye friza, akaiweka kwenye sinki iyeyuke, kisha akaenda zake kuosha gari. Nilipoingia jikoni damu ilikuwa imeshafanya kijito chembamba kuelekea kwenye tundu la sinki, na ile harufu ya chuma kilicholowa ikanipiga kabla sijawasha taa. Nilirudi nyuma, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, kichwa katikati ya magoti. Mume wangu akazima mpira wa maji, akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia sina mimba, nina fereti.

Nilipaswa kumweleza, na nilipomaliza kumweleza nikaona heri niandike.

Wenzangu mliolelewa na mama wa shifti mbili mtanielewa nikisema kwamba likizo ndefu ya kiangazi kwetu haikuwa likizo. Shule ikifungwa, swali lilikuwa moja tu: huyu mtoto atakaa na nani? Tulikuwa tukiishi ughaibuni, mji wa Brooklyn Park, mimi na mama, na binamu yangu aliyekuwa akikaa nami alikuwa amepata kazi ya mchana. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa akihudumia wagonjwa majumbani, na kampuni iliyomwajiri ilikataza kabisa mtu kwenda kazini na mtoto. Mama alinichukua hivyo hivyo.

"Sikiliza vizuri," aliniambia siku ya kwanza tukiwa garini kuelekea Champlin, mji wa jirani, macho yake barabarani. "Tukifika pale wewe ni furniture. Hu-touch kitu, huulizi kitu. Agency wakijua nimekuja na wewe, job imeenda."

"Okay, Mom," nilijibu, kwa Kiingereza, kama nilivyomjibu kila kitu miaka ile.

Mgonjwa wake aliitwa Miss Darlene. Alikuwa mzungu wa miaka sabini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mwisho wa basi, maana kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule hadi sukari ilipomwingia machoni. Sasa aliona mwanga na vivuli tu. Sukari hiyo hiyo ilikuwa imemtoboa mguu wa kushoto. Kila asubuhi mama alivaa glavu, akaingia naye chumbani, akafunga mlango, na baada ya nusu saa alitoka na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Mimi sikuruhusiwa kuingia humo. Miss Darlene alizungumza Kiingereza tu, lakini hapa nitamwandika kwa Kiswahili, kwa sababu siku hizi ndivyo anavyonijia kichwani.

Jambo la kwanza lililonipokea katika nyumba ile lilikuwa harufu. Ilikuwa tamu na mbovu kwa pamoja, kama asali iliyomwagwa ndani ya soksi ikaachwa juani. Nilidhani ni ya Miss Darlene. Kwa siku mbili nzima nilipumua kwa mdomo nikiwa karibu naye na kumwonea huruma, hadi kitu kirefu cha rangi ya kahawia kilipochomoza chini ya kochi, kikanusa kidole changu cha mguu na kukiuma.

Fereti, kwa asiyemjua, ni kama kicheche aliyevutwa ncha zote mbili. Mwili wake ni bomba lenye manyoya, miguu mifupi, uso mdogo wa mwizi. Wenyeji wa kule humfuga ndani ya nyumba kama paka. Miss Darlene alikuwa nao wawili: Otis, dume zee lililonuka kuliko kitu chochote nilichowahi kunusa, na Mabel, jike jeupe lenye macho mekundu, ambalo lilikuwa bado toto la miezi michache. Mabel alikuwa akicheza kwa kurukaruka upande huku mgongo ameupinda, akijigonga kwenye ukuta, akianguka, akiinuka kama hakuna kilichotokea. Miss Darlene hakuweza kumwona, lakini alikuwa akisikiliza kucha zake sakafuni na kucheka peke yake.

Wanyama hao hawakula chakula cha mfuko. Walikula nyama mbichi, na tena kwa kipimo. Jirani aliyekuwa akiwatayarishia alihama mwanzoni mwa kiangazi. Mwanawe Miss Darlene, Rick, aliyekaa Woodbury, alileta nyama kila Jumapili na kuijaza kwenye friza ya garejini, lakini hakutaka kuigusa zaidi ya hapo. Mama naye aliombwa, akakataa kwa adabu kwa Kiingereza, kisha akanigeukia kwa Kiswahili.

"Mimi sikutoka Kisii nikapanda ndege mbili kuja kukatia panya nyama."

Miss Darlene hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. Aligeuza uso wake upande niliokuwa nimekaa na tableti yangu yenye kioo kilichopasuka.

"Yule msichana ana macho yanayoona vizuri?" aliuliza.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisema ndiyo kabla mama hajanikatalia, na kazi ya kuwalisha ikawa yangu.

Kwenye mlango wa friji palikuwa na karatasi yenye herufi kubwa za kalamu nyeusi, alizoandika zamani akiwa bado anaona. Alinisomesha karatasi ile hadi nikaijua kwa moyo. Katika kila mafungu kumi, manane yawe nyama, na humo mioyo isikosekane. Fungu moja liwe mfupa. Fungu moja liwe viungo vya ndani, nusu yake maini, nusu nyingine figo au wengu. Mara moja kwa wiki, kifaranga mzima.

"Mzima vipi?" niliuliza.

"Mzima. Na manyoya yake, na miguu yake. Huko porini nani angemnyonyolea?"

Nilitarajia nitazoea. Siku ya kwanza alinisimamia, mkono wake mzito begani mwangu, nami nikamwaga kwenye beseni vitu vilivyokuwa vimeyeyuka usiku kucha. Mioyo ya kuku ilishuka kwanza, midogo, migumu, kila mmoja na kofia yake ya mafuta ya njano na mirija iliyokatwa. Kisha mabawa, ngozi yake na vinyweleo vyake, baridi kama mkono wa mtu aliyetoka kuogelea. Kisha maini. Maini hayakuanguka, yaliteleza. Yalitoka kwenye mfuko polepole kwa mlio wa kunyonya, yakatandaza mwili wake kwenye beseni, yakawa yanatetemeka. Nilipoyakata, kisu hakikuyakata bali kiliyasukuma huku na huku, nikalazimika kuyashika kwa vidole, na vidole vikaingia ndani. Mikono ilinuka hadi nilipolala, na nilikuwa nimeinawa mara sita.

Halafu nikawatazama wakila. Otis alibeba bawa hadi nyuma ya kochi akalitafuna kwa meno ya pembeni, na nikausikia mfupa ukivunjika, kraa, kraa, kama mtu anayekanyaga vikombe vya plastiki. Mabel aliingiza uso mzima ndani ya ini. Alipouinua, manyoya yake meupe yalikuwa mekundu hadi masikioni, na alinijia mbio kunifutia uso wake kwenye soksi zangu.

Nilitapika kwenye sinki. Miss Darlene alinipigapiga mgongo.

"Jirani yangu naye alitapika siku ya kwanza," alisema. "Lakini aliendelea."

Mimi niliendelea siku nne. Siku ya tano ilikuwa ya kifaranga. Kilikuwa na macho yaliyofumbwa na mdomo mdogo wazi kidogo, na manyoya ya njano yaliyoganda kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Nilikishika kwa karatasi ya jikoni nikakitazama muda mrefu, na hapo ndipo nilipopata wazo ambalo, kwa akili ya miaka kumi, lilionekana jema kabisa. Miss Darlene haoni. Hajui anawalisha nini. Zamani, alipokuwa akiona, pengine vitu hivi havikuwa hivi. Pengine mabaya haya Rick ndiye anayemletea, kwa kuwa anajua mama yake ni kipofu. Hakuna mtu anayempenda mnyama akampa uchafu kama huu kwa kutaka.

Ndani ya friza ile palikuwa pia na mafurushi ya kidari cha kuku kisicho na ngozi wala mfupa. Nyama nyeupe ya waridi, safi, ile ambayo mama alinikaangia siku ya kuzaliwa kwangu. Nikatoa kidari. Nikakata vipande vya mraba, sawasawa, nikavipima kwenye mizani. Kifaranga, mabawa na maini nikavifunga kwenye karatasi za jikoni, nikaviingiza kwenye begi langu la shule, na jioni nikavitupa katika pipa kubwa la taka la nyuma ya apatimenti yetu. Kuanzia hapo nikafanya hivyo kila siku. Niliona nimewaokoa. Otis na Mabel walikula kidari bila kulalamika, nyuso zao zikibaki safi.

Kulikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa choo chao.

Kila asubuhi Miss Darlene aliniuliza, "Rangi gani leo?" Alikuwa akiniuliza akiwa amesimama na kikombe chake cha kahawa, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Ilikuwa kazi yangu kusafisha karai la choo kwenye kona ya besimenti, chumba cha chini ya nyumba, na kumletea ripoti. Siku zile nne za kwanza nilimwambia ukweli, kahawia, kigumu kidogo, naye aliitikia kwa kichwa akaridhika. Baada ya wiki moja ya kidari, mambo yalibadilika mle kwenye karai. Kikawa cheusi, chembamba, cha kung'aa kama lami iliyopata jua, na kilinuka hivi kwamba nilijifunga fulana usoni na bado machozi yalinitoka. Hakikuzoleka. Kilipakika. Kilishika kwenye koleo, kwenye glavu, kwenye ukingo wa karai, na mara moja, sitasahau, kwenye nywele zangu.

"Rangi gani leo?"

"Kahawia. Kigumu kidogo."

"Msichana mzuri."

Nilimdanganya hivyo kila siku iendayo kwa Mungu, zaidi ya mwezi.

Siku moja ya joto kali furushi moja lilianguka kutoka kwenye begi langu likaingia chini ya kiti cha gari. Sikujua. Gari lilikaa juani siku nzima, madirisha yamefungwa, na tulipofungua milango jioni mama alirudi nyuma hatua tatu, mkono mdomoni. Alidhani panya amefia kwenye injini. Alipoinama na kulivuta lile furushi, karatasi ilibaki mkononi mwake na vilivyokuwamo vikabaki kwenye zulia la gari, vya kijani kibichi pembeni, na vikisogea. Nilidhani ini limefufuka. Walikuwa funza.

"Hii ni nini?" aliniuliza.

"Ni chakula kilichobaki," nilisema. "Hawakumaliza."

Alinitazama. Alikuwa na shifti nyingine baada ya saa mbili, kwenye nyumba ya wazee. Nadhani angekuwa na nguvu angeniuliza swali la pili.

"Trash ya huko iko wapi?" alisema tu, akakwangua zulia kwa kipande cha kadibodi huku akitema mate kila mara. "Usi-carry uchafu wa watu kwa gari yangu tena. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nikaanza kutumia mifuko ya zipu.

Mabel ndiye aliyeanza kubadilika. Kwanza aliacha kurukaruka. Kisha nikaona akitembea na tumbo karibu na sakafu, miguu ya nyuma ikibaki pembeni kama ya chura. Nilipomwinua alilia, sauti ndogo ya kifuniko cha chupa kinachofunguliwa. Miss Darlene alimpapasa, akampitishia vidole kwenye mgongo na kwenye nyonga. Siku hiyo hakuniuliza rangi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Mguu wa Miss Darlene ulikuwa mbovu. Sasa miguu ya Mabel nayo ilikuwa mibovu. Na Mabel alilala kila mchana kwenye mapaja ya Miss Darlene, juu kidogo tu ya bendeji. Niliona ugonjwa umeruka. Kuanzia siku hiyo sikukaa tena kwenye kochi lake, na aliponinyooshea mkono nilijifanya sijauona, nikasahau kwamba yeye ndiye asiyeona.

Rick alimpeleka Mabel kwa daktari wa wanyama. Walirudi alasiri, mimi nikiwa jikoni nakata kidari. Mama alikuwa akikunja nguo kwenye korido. Rick hakukaa. Alisimama sebuleni na kile kisanduku cha kubebea mnyama mkononi, na nilisikia kila neno.

"Wamempiga eksirei," alisema. "Mifupa yake ni kama karatasi, Mama. Miguu ya nyuma imeshavunjika sehemu mbili yenyewe tu, kwa kutembea. Daktari ameuliza analishwa nini."

"Analishwa vizuri," Miss Darlene alisema. "Manane, moja, moja. Mfupa kila siku."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema haiwezekani. Mnyama anayepata mfupa hawi hivi."

Nilishusha kisu.

"Basi ni mimi," alisema Miss Darlene. Sauti yake ya basi ilikuwa imekwisha. "Nimekosea vipimo. Miaka yote hii nadhani najua, kumbe nimeanza kusahau."

"Mama, huwezi hata kuona unachowapa. Nimekuwa nikisema. Daktari anasema anaweza kujaribu kumtibu, miezi ya kumfungia kwenye kizimba, na chakula sahihi. Nani atafanya hayo? Mimi naona tumpumzishe kwa sindano kesho. Na Otis tumtafutie mtu."

Nilingoja akatae. Yeye aliyenifokea kwa kusahau kufunga friza, yeye aliyemfukuza mhubiri mlangoni kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, nilingoja amwambie Rick atoke.

"Sawa," alisema. "Nimemuua mwenyewe, basi afe vizuri."

Miguu yangu ilinipeleka sebuleni na mikono yangu ikiwa na majimaji ya kuku. Nilisimama mbele yake. Sikuweza kuanza, kwa hiyo nikaanza vibaya.

"Zilikuwa zinanuka," nilisema.

"Nini zilikuwa zinanuka?"

"Ini. Na mifupa. Nilizitupa. Nimewapa kidari tu. Kila siku. Sio wewe."

Nguo zikaanguka kwenye korido. Mama alikuja akanishika mkono wa juu, vidole vikaniingia hadi mfupani, akaanza kuomba msamaha kwa Kiingereza cha haraka kilichochanganyika na Kikisii, sorry, sorry, ni mtoto, hata hakutakiwa kuwa hapa. Nilijua anaiona kazi yake ikiondoka. Rick alikuwa mwekundu shingoni. Miss Darlene aliinua kiganja, wote wakanyamaza, kama basi zima.

"Tangu lini?"

"Tangu kifaranga cha kwanza."

"Na choo? Rangi ilikuwa gani, hasa?"

"Nyeusi," nilisema. "Kama lami. Na maji."

"Uliniambia kahawia."

"Ndiyo."

Aligeuza macho yake dirishani ambako palikuwa na mwanga. Hakuniambia si kitu. Mpaka leo nashukuru hakuniambia si kitu.

"Njoo hapa," alisema. Nikasogea. "Chini. Fungua hiyo bendeji."

"No, no, Miss Darlene," mama alisema. "Please. She is a child."

"Kila mtu katika nyumba hii ananiambia mguu unapona," alisema Miss Darlene. "Wewe unaniambia unapona. Nesi anayekuja kukagua kidonda ananiambia unapona. Rick naye. Nami nanusa, naona haya kuuliza, nasema labda ni fereti. Huyu mtoto ameshanidanganya, na ameshakoma. Mwache aangalie."

Nilimtazama mama. Uso wake ulinijibu kabla ya chochote: alijua, nesi alijua, Rick alijua, na walikuwa wamekubaliana wasimtishe hadi miadi ya hospitali ya wiki iliyofuata. Aliniachia mkono.

Nilipiga magoti, nikafungua. Tabaka la juu lilikuwa jeupe, la pili la njano, la tatu lilikuwa limegandia kwenye ngozi na lilitoka kwa mlio ule ule wa ini likitoka kwenye mfuko. Harufu ilinijia yote usoni. Vidole viwili havikuwapo, nilikuwa sijui. Cha tatu kilikuwepo lakini hakikuwa tena cha mtu. Kilikuwa kimekauka, kidogo, kama tende. Chini ya unyayo palikuwa na tundu ambalo ningeweza kuingiza moyo wa kuku, na kuta zake zilikuwa na utando uliolowa. Nilimeza nilichokuwa karibu kutapika. Kilikuwa cha moto na kichungu, nikakimeza tena.

"Rangi gani?"

"Kidole ni cheusi," nilisema. "Cheusi kabisa. Pembeni ni kijani kidogo na njano. Na kuna mstari mwekundu unapanda mguuni."

"Umefika wapi?"

Nilimgusa mahali ulipofika, karibu na goti, kwa kidole kilichokuwa bado kinanuka kuku.

"Asante," alisema. Kisha akageuza kichwa. "Rick. Lete gari. Leo, si wiki ijayo."

Mlangoni, akiwa ameegemea bega la mama, alisimama. "Mabel hafi," alisema. "Huyu atamlisha. Kwa karatasi, kama ilivyoandikwa."

Walimkata mguu chini ya goti siku ya pili. Daktari alimwambia Rick kwamba wangengoja ile wiki pengine wangemzika. Siku ile ya sebuleni, tulipoegesha nyumbani, mama hakushuka.

"Mimi ni-clean ile kitu kila asubuhi mwezi mzima," alisema, mikono bado kwenye usukani, "na kila asubuhi naambia mama wa watu uongo. Wewe umeangalia mara moja." Akalia, na mimi sikujua mtu hufanya nini mama yake akilia, nikamfungulia mlango wa gari.

Rick hakuripoti chochote kwa kampuni. Alitukabidhi ufunguo wa nyumba. Kila siku hadi shule ilipofunguliwa, na baada ya hapo kila Jumamosi na Jumapili, mama alinipeleka Champlin, akakaa nami jikoni, dirisha wazi, kitambaa puani. Siku nyingine Rick aliwarushia nyama niliyokuwa nimeipima na kuifunga. Nilivunja mabawa kwa nyundo ili Mabel aweze kuyatafuna. Nilikata maini kwa gramu. Niliwatoa vifaranga kwenye friza nikawashika mikononi hadi wakalainika. Mtu akiniuliza ni lini nilizoea, jibu langu ni kwamba sikuzoea. Kila siku nilinawa mara sita, na mara mbili hivi kwa wiki nilitapika. Nilikuwa nikimchukia Mabel alipokuwa akinifutia damu kwenye soksi. Nilikuwa nikimlisha.

Jioni simu ya mama ilikuwa ikilia kutoka kwenye kituo ambako Miss Darlene alikuwa akijifunza kutembea na mguu wa bandia. Hakusalimu. Aliuliza rangi, nami nikamwambia, ikiwa nyeusi nikasema nyeusi, ikiwa nyeupe kama chaki nikasema nyeupe, naye akaniambia nipunguze mfupa au niongeze. Majani yalipoanza kuanguka Mabel alisimama. Miguu yake ilibaki imepinda, na aliporuka aliruka mara moja tu, kwa upande mmoja, akaangukia kidevu. Nilimpigia Miss Darlene simu mimi mwenyewe siku hiyo. Alitaka nimwekee simu sakafuni asikilize kucha.

Hakurudi kwenye nyumba ile. Rick alimpatia chumba katika jumba la wazee lisilo na ngazi, na huko wanyama hawakuruhusiwa. Alipambana na wenye jumba kwa barua, akashindwa. Nilikwenda na mama kumwona mara kadhaa kabla hatujahama, na kila mara alinishika mikono akainusa, kisha akacheka.

Otis na Mabel walichukuliwa na mama mmoja wa Inver Grove Heights, mtu mwema, mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi ya zambarau. Alikuja Jumamosi moja kuwachukua, na ikawa kazi yangu kumwonyesha. Nilimsomea karatasi ya kwenye friji. Nikamwaga mioyo, nikamwaga mabawa, nikaachia ini liteleze kwenye beseni kwa mlio wake. Alirudi nyuma. Alipeleka mkono puani, na midomo yake ikafanya umbo ambalo sikuhitaji kioo kulitambua.

"Hawa wanapenda kidari, sivyo?" aliniuliza kwa sauti ya upole. "Wewe ungewapa kidari tu, mpenzi? Kisafi zaidi."

Mama alikuwa mlangoni, anatazama. Nilimwomba yule mama akunje mikono ya sweta yake. Nikamshika kiganja, na kucha zake zote tano, nikakisukuma ndani ya beseni hadi chini, nikakishikilia pale.